Waya wa Atlantiki na Neno "Jaribu Tena"



Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili niseme neno juu ya hotuba tuliyoisikia siku ya kutoa zawadi, muhula uliopita. Mgeni wetu, ambaye ni mmoja wa wanafunzi wa zamani wa shule hii na mtu tunayemheshimu sana, alituhadithia habari za Cyrus Field, yule tajiri wa New York aliyetaka kuunganisha Ulaya na Marekani kwa waya wa simu uliolazwa chini ya bahari ya Atlantiki. Alisema kwamba waya ulikatika mwaka 1857, ukakatika mwaka 1858, ukakatika tena mwaka 1865, na mwaka 1866 ukafika salama. Kisha akatutazama sote, akanyosha kidole, akasema, "Vijana, yule bwana hakukata tamaa. Nanyi jaribuni tena!" Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Nami nilipiga makofi, tena kwa nguvu, maana ni hadithi tamu.

Lakini siku zilizofuata nilizitafuta habari hizo katika vitabu vya maktaba na katika kompyuta ya chumba cha sayansi, nikaona ya kuwa mgeni wetu aliruka miaka saba. Kutoka 1858 hata 1865 alipita kama mtu arukavyo dimbwi la maji njiani. Nami nathubutu kusema kwamba katika miaka hiyo saba ndimo ilimo habari yenyewe, na ya kuwa mwanafunzi akiambiwa hadithi hii bila miaka hiyo, amefundishwa jambo linaloweza kumdhuru. Nasema hivyo kwa sababu mimi limenidhuru. Nitaeleza.

Kwanza niwakumbushe wadogo zangu wa kidato cha kwanza kwamba neno simu halikuanzia kwenye kitu hiki cha kutia mfukoni. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni waya. Mababu waliposema "nimepigiwa simu", mara nyingi walimaanisha kwamba tarishi wa posta amewaletea karatasi yenye maneno machache yaliyosafiri kwa waya, kwa alama fupi na ndefu. Kabla ya mwaka 1850 simu ya namna hiyo ilikwisha kuenea katika nchi kavu za Ulaya na Marekani. Kizuizi kilikuwa bahari, kwa kuwa waya mtupu ukitiwa katika maji ya chumvi, umeme hutoroka wote. Dawa ilipatikana katika misitu ya Malaya na visiwa vya jirani: utomvu wa mti uitwao gutapacha, ambao ukipashwa moto hulainika, na katika baridi ya chini ya bahari hukaza wala hauozi. Waya wa kwanza uliodumu baharini ulilazwa kati ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1851. (Miti hiyo haikugemwa kama mpira. Iliangushwa mmoja mmoja kwa ajili ya utomvu kidogo tu, hata misitu mingine ikabaki bila mti wa namna hiyo. Wakataji wake hawakupewa nishani, wala mgeni wetu hakuwataja. Nawataja mimi.)

Kati ya Dover na Calais ni maili ishirini na kitu. Kati ya Ireland na Newfoundland ni karibu maili 2,000, na kina chake mahali pengine hupita pima 2,000, yaani zaidi ya maili mbili kwenda chini. Field hakuwa fundi wala mwanachuoni. Alikuwa mfanya biashara wa karatasi aliyetajirika mapema. Alichokuwa nacho ni moyo, na moyo huo siubezi. Kampuni iliundwa Uingereza mwaka 1856, fedha zikakusanywa upesi, na waya ukaagizwa upesi vile vile. Hapo ndipo penye mzizi wa msiba, maana waya uliagizwa kabla watu hawajapatana uwe wa namna gani. Injinia mkuu, Charles Bright, aliyekuwa kijana wa miaka 24 (wenzangu wa kidato cha sita, hesabuni iliyowabakia), alitaka shaba ya ndani iwe nene zaidi. Ushauri wake haukufuatwa. Nusu ya waya ilitengenezwa na kiwanda kimoja na nusu na kiwanda kingine, na kazi ilipokwisha ikaonekana ya kuwa nyuzi za chuma za nje zimesokotwa huku kwenda kulia na huku kwenda kushoto. Ni kama mafundi wawili walioshona suruali moja bila kuonana.

Palikuwa na mtu aliyejua hatari iko wapi. William Thomson, mwalimu wa chuo kikuu cha Glasgow, alikuwa ameonyesha kwa hesabu, katika miaka ya 1854 na 1855, jinsi umeme uendavyo katika waya mrefu uliozamishwa. Shaba iko ndani, gutapacha inaizunguka, maji ya bahari yako nje. Basi waya mzima huwa kama chombo kirefu cha kuwekea akiba ya umeme. Ukitia umeme upande huu, alama haitokei upande wa pili kwa ukamilifu mara moja: kwanza lazima chombo kijae, na kabla ya alama inayofuata lazima kipungue. Alama iliyoingia kali kama pigo la nyundo hutoka imelegea, ikipanda polepole kama maji yanayojaa ufukoni. Na ukiuongeza waya urefu mara mbili, kuchelewa hakuongezeki mara mbili bali mara nne. Ukiuongeza mara kumi, ni mara mia. Dawa ya Thomson ilikuwa shaba nene iliyo safi, gutapacha nene, umeme wa upole, na chombo chepesi sana cha kupokelea. Chombo hicho alikitengeneza mwenyewe: kioo kidogo chenye sumaku mgongoni, kimening'inizwa kwa uzi, kinatupa nukta ya mwanga mbele yake, umeme ukipita hata kidogo sana, nukta inasogea, na mtu aliyeketi gizani anaisoma.

Lakini fundi mkuu wa umeme wa kampuni hakuwa Thomson. Alikuwa Wildman Whitehouse, tabibu aliyejifundisha mambo ya umeme, mtu mwenye bidii nyingi na mwenye kujiamini kupita kiasi. Yeye aliikataa hesabu ya Thomson hadharani, akasema majaribio yake yaonyesha vingine.

Mwezi wa Agosti 1857 meli mbili za vita, Niagara ya Marekani na Agamemnon ya Uingereza, ziliondoka pwani ya Ireland zikilaza waya. Baada ya maili zaidi ya 300, fundi aliyekuwa zamu alikaza breki ya mashine wakati tezi ya meli inainuliwa na wimbi. Waya ukakatika, ukazama. Mwezi wa Juni 1858 wakarudi. Agamemnon ilipigwa na dhoruba iliyokaribia kuizamisha, kisha waya ukakatika mara tatu. Wakarudi tena mwezi wa Julai, meli zikakutana katikati ya bahari, wakaunganisha ncha mbili, kila meli ikaelekea kwake, na tarehe 5 Agosti 1858 waya ulifika nchi kavu pande zote mbili.

Furaha yake haikuwa ndogo. Katika New York fataki ziliwasha moto paa la jumba la manispaa. Duka la vito la Tiffany liliuza vipande vya waya uliobaki, watu wakavinunua kama hirizi. Malkia Victoria alimpelekea Rais Buchanan salamu za maneno 98, na gazeti kila mahali likasifu upesi wa umeme. Lakini maneno hayo 98 yalichukua kama saa 16 kupita. Fanya hesabu, ndugu msomaji: karibu dakika kumi kwa kila neno. Waya ulikuwa mgonjwa tangu siku ya kwanza. Ulikuwa umewekwa juani kabla ya safari, gutapacha ikalainika, na shaba mahali pengine ikahama kutoka katikati. Whitehouse alipoona alama hazisomeki, hakuupa umeme wa upole. Aliupiga kwa mashine zake kubwa, kwa nguvu ya karibu volti 2,000. Wala si hilo tu. Maneno yaliyokuwa yakisomwa kwa kioo cha Thomson aliyaandika upya kwa chombo chake mwenyewe, ili wakurugenzi wadhani ni chombo chake kilichoyapokea. Sisi tulio shuleni twajua jina la kitendo hicho. Wakurugenzi walimwondoa kazini mwezi ule ule wa Agosti, lakini waya ulikuwa umekwisha kuumia. Siku za mwanzo za Septemba ulinyamaza, ukabaki kutoa alama hafifu tu mpaka Oktoba.

Sasa msomaji aone tofauti. Mgeni wetu alisema waya wa 1858 "ulikatika". Uliokatika ulikuwa ule wa Juni. Ule uliofika ng'ambo haukukatika. Uliuawa, tena na watu waliowekwa kuutunza. Kukatika ni ajali, na mtu aliyepata ajali akiambiwa "jaribu tena" amepewa ushauri mwema. Lakini mtu aliyeuua waya kwa mkono wake, ukimwambia "jaribu tena" bila neno lingine, atatengeneza waya wa pili aje auue nao.

Na kweli ilikuwa karibu iwe hivyo. Mara baada ya waya wa Atlantiki kunyamaza, kampuni nyingine ikalaza waya wa bahari ya Sham, kutoka Suez kwenda Aden na mbele hata Karachi, katika miaka ya 1859 na 1860. Ulilazwa umevutwa mno, ukaning'inia juu ya miamba ya chini badala ya kulala, na kwa muda mfupi vipande vyake vikafa kimoja baada ya kingine. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeahidi kuwalipa wenye hisa, waya ufanye kazi usifanye, basi ikalipa pauni 36,000 kila mwaka kwa miaka 50. Malipo ya mwisho yalikuwa mwaka 1908, kwa ajili ya waya ambao wajukuu wa walioulaza hawakuwahi kuusikia.

Hapo serikali ikasema basi. Pamoja na kampuni ya Atlantiki, ikaunda tume ya watu wanane, wanne wa serikali na wanne wa kampuni. Tume ilianza kazi mwaka 1859, ikatoa taarifa mwaka 1861. Iliwaita mafundi, manahodha, wenye viwanda na wanachuoni, ikawauliza moja moja. Thomson alihojiwa. Whitehouse naye alihojiwa. Ilihesabu waya wote uliokwisha kulazwa baharini duniani: maili 11,364. Uliokuwa ukifanya kazi ulikuwa maili 3,000 na kidogo. Yaani karibu robo tatu ya kazi yote ilikuwa imelala chini ya bahari bila faida! Nao hawakusema "bahari ni kali" wala "Mungu hakupenda". Waliandika ya kuwa sababu za hasara hizo zingaliweza kuzuiwa kama watu wangalichunguza kwanza. Kumbuka kwamba nusu ya walioweka sahihi zao walikuwa wa kampuni yenyewe. Mimi naona kitendo hicho kuwa cha ushujaa kuliko kuendesha meli katika dhoruba, maana katika dhoruba watu wanakuonea huruma.

Katika miaka hiyo hiyo jambo jingine lilijulikana. Shaba mbili zilizo sawa kwa macho zilipitisha umeme kwa kiasi kilichotofautiana sana, wala hapakuwa na kipimo kimoja cha kuzilinganisha. Kila kiwanda kilikuwa na chake. Mwaka 1861 chama cha wanasayansi cha Uingereza kikaweka kamati ya vipimo vya umeme, na Thomson akiwamo. Zile omu tunazoandika katika daftari zetu za fizikia, tukinung'unika, zilitengenezwa na kamati hiyo, kwa sababu waya zilizokufa baharini zilionyesha ya kuwa pasipo kipimo watu hubishana tu.

Sasa nieleze habari yangu, nayo ni fupi. Mimi sikuanza masomo ya sekondari katika shule hii. Nilipokuwa mahali pengine nilifanya mtihani wa taifa wa kidato cha nne, nikaanguka katika fizikia na hesabu. Mama aliniambia, "Mwanangu, jaribu tena." Walimu wakaniambia vivyo hivyo. Nikarudia mwaka mzima. Karo ya mwaka ule ilipatikana kwa shida, hata mdogo wangu wa kike akakaa nyumbani muhula mmoja ili mimi nirudie. Basi nikajaribu tena kwa nguvu zangu zote. Niliamka saa tisa za usiku. Nilisoma daftari zile zile, kwa namna ile ile, mpaka macho yakawa mekundu. Ulipofika mtihani wa majaribio nikapata alama zile zile, zimepungua moja. Kwa lugha ya Whitehouse, nilikuwa nimeongeza volti.

Karatasi zetu za mitihani hazikurudishwa. Tulipewa namba tu, imebandikwa ukutani. Aliyenisaidia ni mzee mmoja jirani yetu, mwalimu mstaafu. Aliniambia, "Kaa hapa, fanya hesabu kumi mbele yangu, wala usifute kitu." Nilipomaliza alizitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia ya kuwa fizikia naijua. Kosa langu lilikuwa moja: sentimita na mita, gramu na kilo, nilikuwa nazichanganya katika mstari wa kwanza, na yote yaliyofuata yalikuwa hesabu nzuri juu ya msingi mbovu. Katika hesabu kumi, saba zilikufa kwa kosa hilo hilo. Ilimchukua mzee yule alasiri moja kuliona. Mimi nilikuwa nimelibeba miaka miwili, na mdogo wangu amelilipia muhula mzima. Ndiyo sababu siwezi tena kupiga makofi nisikiapo "jaribu tena" ikisemwa peke yake.

Turudi baharini. Fedha zilikuwa ngumu, na vita vya Marekani vya 1861 hata 1865 navyo vilichelewesha. Lakini waya ulipotengenezwa tena haukuwa ule wa kwanza. Wa 1858 ulikuwa na ratili 107 za shaba kwa kila maili ya baharini; wa 1865 ulikuwa na ratili 300, shaba yake imepimwa usafi, na gutapacha yake imeongezwa kutoka ratili 261 hata 400. Ulitiwa wote katika meli moja, Great Eastern, kazi ya Brunel, ndefu kuliko meli yo yote ya siku zile. Haikuwapo nyingine ambayo ingeweza kuuchukua mzima.

Safarini waligundua kwamba kipande cha uzi wa chuma kimetoboa waya mpaka ndani. Wakakikata, wakaunga, wakaendelea. Kikaonekana kingine. Wakuu wakashuku kuna mfanya kazi anayefanya hiyana, wakaweka walinzi ndani ya tangi la waya. Baadaye ikaonekana ya kuwa chuma cha waya wenyewe kilikuwa kikivunjika na kujichoma kwa uzito uliolala juu yake. Hata watu waliokwisha kujifunza kuchunguza, jambo la kwanza lililowajia ni kumtafuta mwizi.

Tarehe 2 Agosti 1865 waya ulikatika, zikiwa zimebaki kama maili 600 tu wafike. Waliteremsha nanga za kuvulia, wakaunasa, wakauinua, kamba ikakatika. Mara ya pili, vivyo hivyo. Mara ya tatu, vivyo hivyo. Kamba ikawaishia, wakarudi nyumbani. Lakini kabla hawajaondoka walipima jua, wakaandika kwa uangalifu mahali penyewe, katikati ya maji yasiyo na mti wala mwamba.

Mwaka uliofuata Great Eastern iliondoka Ireland tarehe 13 Julai, ikafika Heart's Content katika Newfoundland tarehe 27 Julai 1866, na waya mzima. Hotuba nyingi huishia hapo. Mimi napenda zaidi yaliyotokea baadaye. Meli ile ile ilirudi katikati ya bahari, mahali palipoandikwa, ikavua kwa majuma kadhaa, na mwanzoni mwa Septemba ikautoa ule waya wa 1865 kutoka kina cha maili mbili na zaidi. Wakaupeleka chumba cha vyombo, wakaugusisha. Upande wa Ireland kulikuwa na watu waliowekwa kukitazama kioo cha waya ule uliokuwa bubu kwa mwaka mzima. Nukta ya mwanga ikasogea. Wakaunga, wakaendelea, na tarehe 8 Septemba palikuwa na nyaya mbili, si mmoja. Hawangalipata ule wa pili kama wangaliona haya kuandika mahali walipoushindwa.

Katika mwambao wetu wa mashariki njia ya kwanza ya baharini ilikuja mwaka 1879, kutoka Aden hata Zanzibar, kisha Msumbiji, mpaka Durban. Haikuletwa kwa ajili yetu. Mwezi wa Januari mwaka ule jeshi la Waingereza lilishindwa na Wazulu pale Isandlwana, na London ilikaa karibu majuma matatu bila kupata habari. Waya ulifuata upesi. Siku hizi nyaya zile za shaba zimekwisha, na katika kina kile kile zimelala nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga. Sisi wa Uganda hatuna pwani, hata hivyo sehemu kubwa ya mtandao wetu hupitia Mombasa na kushuka baharini. Mtakumbuka mwezi wa Mei 2024, waya wa EASSy na wa Seacom ulipokatika kati ya Msumbiji na Afrika ya Kusini: hata kwetu mtandao ulizorota, na wengine wakalaumu kompyuta za shule.

Najua nitakalojibiwa. Nitaambiwa kwamba bila ukaidi wa Field hapangalikuwa na fedha, na bila fedha hata tume hiyo isingekuwa na kazi. Ni kweli. Alivuka Atlantiki mara nyingi akiomba mitaji, akachekwa pande zote mbili, wala sisemi mtu aache. Nasema ya kuwa mwaka 1857 Field alikuwa na ukaidi ule ule aliokuwa nao mwaka 1866. Ukaidi haukuongezeka. Kilichoongezeka ni ratili 193 za shaba.

Basi, nina ombi kwa wanafunzi wa zamani ambao husoma gazeti hili. Mnapokuja siku ya zawadi mnatusimulia mlivyofika. Tunafurahi kuwaona katika suti zenu na magari yenu. Lakini hatujui mlianguka wapi, wala kwa kosa gani, wala nani aliwaonyesha. Mnasema tu "nilipata matatizo, nikavumilia". Matatizo gani? Biashara ilikufa kwa sababu ya hesabu mbaya, au kwa sababu ya rafiki? Mtihani ulikushinda katika somo lipi? Mkituambia hayo hatutawadharau. Tutaandika.

Na kwa walimu wetu, kwa heshima zote: shule yetu huturudishia karatasi za majaribio ya kila juma, na kwa hilo nashukuru. Za mwisho wa muhula bado zinafungiwa kabatini. Tunaomba zitolewe, japo kwa siku mbili, tukae nazo tukiwa na kalamu.

Kwa upande wetu tumekwisha kuanza. Chama cha Sayansi kimenunua daftari kubwa lenye jalada jeusi, na kila jaribio litakaloharibika litaandikwa humo pamoja na sababu yake, mwandishi aweke jina lake. Lipo katika chumba cha sayansi, kabati la pili, karibu na mizani. Ukurasa wa kwanza ni wangu: jaribio la kupima omu za waya wa shaba, tarehe 4 ya mwezi uliopita, jibu limezidi mara mia. Urefu wa waya niliuandika kwa sentimita.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita